Pawasaplai ya Mwaka 2010 Ndani ya Kompyuta Mpya: Kisa cha Studio Moja ya Kirumba

Dada mwenye studio ya video pale Kirumba, Mwanza, aliponipigia simu, hakuitaja pawasaplai, kile kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta, hata mara moja. Alisema ameuziwa kadi ya grafiki mbovu, kwamba kompyuta aliyoiunda kwa akiba ya msimu mzima wa harusi inajizima kila anapoanza kurenda, yaani kuiambia itoe video iliyokamilika, na kwamba video ya sendofu ya familia moja ya Magu ilikuwa imechelewa kwa siku tisa. "Fundi, mashine inafungua kila kitu na inacheza kila kitu, ila nikiiambia itoe kazi inazimika kama mtu aliyekatwa kauli." Kwa kuwa mashine inayokufa wakati wa mzigo tu, bila onyo na bila maandishi ya kosa kwenye skrini, huwa na sababu chache sana, nilimuuliza kwanza pawasaplai wameweka ya wapi. Akanijibu kwamba hiyo niiache, haina shida, ni ile ya mashine ya zamani ya mama, ya wati 550, na kila wakiijaribu inawaka.

Nilipofika nilikuta kompyuta iliyopangwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Mdogo wake wa kiume, anayesoma chuo huko Nyegezi, ndiye aliyeiunda, na sikuona skrubu iliyokosekana wala waya uliozuia feni. Prosesa ilikuwa Ryzen 5 5600, ambayo AMD wanaipa kipimo cha wati 65 ingawa ikiwa kazini inaruhusiwa kuvuta hadi wati 76. Kadi ilikuwa RTX 3060 yenye memori ya gigabaiti 12. Kikomo chake ni wati 170, na NVIDIA wanashauri kompyuta itakayoibeba iwe na pawasaplai ya wati 550. Kijana aliisoma hiyo 550, akaisoma na ile iliyochapwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa pawasaplai iliyokuwa nyumbani, akaona namba zimekutana. Simlaumu kwa hilo. Namba hiyo huchapwa kubwa ili mnunuzi asiangalie zile ndogo zilizo chini yake.

Historia ya pawasaplai hiyo niliipata kwa kuuliza, na ninashauri fundi yeyote aulize kabla ya kutoa bisibisi. Ilinunuliwa mwaka 2010 ikiwa ndani ya kompyuta ya duka la stesheneri la mama yao, kule Igoma, kwa kazi ya kuchapa barua, kuskani vyeti na kutoa nakala. Prosesa ya mashine ile ilikuwa Core 2 Duo na haikuwa na kadi ya grafiki ya pekee, hivyo nakisia kwamba mashine nzima ilivuta kama wati 100 tu, na mara nyingi chini ya hapo. Ilifanya kazi miaka minane, Jumatatu hadi Jumamosi, tangu duka linapofunguliwa hadi linapofungwa, mpaka mwaka 2018 madabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, ilipokufa. Huku kwetu watu wengi huliita boksi zima "sipiyu", na boksi likifa husemwa kwamba sipiyu imekufa. Kumbe kilichokufa ni kifaa kimoja ndani yake, na vingine hubaki vikihesabiwa kuwa vizima kwa sababu tu hakuna aliyevipima. Ndivyo pawasaplai hii ilivyokaa stoo kwa miaka ikiwa na sifa ya uzima ambayo hakuna aliyeithibitisha.

Kabla yangu mengi yalikuwa yamefanyika. Windows ilikuwa imewekwa upya mara mbili. Memori zilibadilishwa nafasi, kisha zikaazimwa nyingine. Dawa ya kupozea prosesa ilipakwa upya. Kadi ilipelekwa kwa rafiki mwenye kompyuta kubwa ikafanya kazi saa nne mfululizo bila kukohoa, jambo ambalo peke yake lilitosha kuisafisha, lakini kwa kuwa ilirudi na ikazimika tena, walihitimisha kwamba "haipatani" na madabodi. Katika orodha ya matukio ya Windows kulikuwa na tukio namba 41 zaidi ya mara ishirini, ambalo maana yake ni kwamba mfumo umewaka tena bila kuzimwa kwa utaratibu. Tukio hilo halisemi sababu. Hata hivyo, likirudiwa bila kosa lingine lolote kutangulia, hunifanya niangalie umeme kabla ya programu.

Kulikuwa na ushahidi mmoja uliowapotosha, nao ulikuwa na chembe ya ukweli. Jirani wa studio ni fundi wa kuchomelea mageti, na mara kadhaa kompyuta ilizimika pale pale alipogusisha elektrodi kwenye chuma na taa za mtaa zikapungua mwanga. Wakaamini umeme wa mtaa ndio adui. Nilipima kwenye soketi kwa muda wa saa nzima na nikapata kati ya volti 208 na 226, kiwango ambacho pawasaplai nzima huvumilia bila shida. Tatizo ni kwamba kiwango cha ATX, yaani kanuni zinazofuatwa na watengenezaji wa pawasaplai za kompyuta, kinadai pawasaplai iweze kushikilia volti zake kwa takriban milisekunde 16 au 17 baada ya umeme wa ukutani kuyumba, ambazo hazifiki hata mzunguko mmoja kamili wa umeme wetu wa hezi 50, na kinachoshikilia ni kapasita kubwa, kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, iliyo upande wa kuingilia umeme. Kapasita hiyo ikizeeka, muda huo hupungua, na mtikisiko ambao taa huuonyesha kwa kufifia tu huweza kuizima kompyuta. Fundi mageti alikuwa anaufichua ugonjwa ambao hakuuleta yeye.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya ubavuni, kwa kuwa hapo ndipo penye sehemu kubwa ya kisa hiki. Chini ya namba 550 palikuwa na jedwali. Kila laini, yaani njia ya kutolea volti fulani, ilikuwa na kikomo chake. Laini ya volti 3.3 iliandikwa ampea 28, laini ya volti 5 ampea 30, na kwa herufi ndogo zaidi ilisemwa kwamba hizo mbili kwa pamoja zisizidi wati 160. Laini mbili za volti 12 ziliandikwa ampea 16 na ampea 18, na kwa pamoja zisizidi wati 336, yaani ampea 28 na si 34 kama mtu angejumlisha haraka. Ukichukua 336 ukaongeza 160, kisha ukaongeza wati chache za laini ya volti 12 hasi na wati 10 za laini ya kusubiria, unapata takriban wati 510. Zile 40 zilizobaki hazipo popote katika jedwali. Pembeni, kwa herufi ambazo ilibidi nizisome kwa tochi ya simu, palikuwa na neno linaloonyesha kwamba 550 ni kilele cha muda mfupi, si mzigo wa kudumu.

Wati 336 za laini ya volti 12 ndizo zilizokuwa na maana kwa kompyuta hii, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki za leo hula karibu kila kitu kutoka laini hiyo. Nilimkokotolea dada mbele yake kwenye karatasi. Prosesa wati 76, ukiongeza kinachopotea katika saketi za madabodi zinazoshusha volti, tuseme 86. Kadi 170. Feni na vitu vidogo vidogo 14. Jumla wati 270, ambazo kwa volti 12 ni ampea 22 na nusu. Akaniangalia kwa ushindi: "Si inatosha basi, fundi? Imebaki na akiba." Kwenye karatasi ilikuwa na akiba kweli, na kama pawasaplai hiyo ingekuwa mpya na kadi ingekuwa inavuta umeme kwa utulivu kama pasi, pengine nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Kadi ya grafiki haivuti kwa utulivu. Wati 170 ni wastani unaosimamiwa na programu yake. Ndani ya wastani huo kuna vipindi vya milisekunde chache ambamo inaweza kuruka mbali juu ya kikomo, hata kukaribia mara mbili, kisha ikashuka kabla kipimo cha kawaida hakijaona lolote. Tabia hiyo ilisumbua watu wengi duniani baada ya kadi za kizazi hiki kutoka mwaka 2020, kiasi kwamba Intel walipotoa kiwango cha ATX 3.0 mwaka 2022 waliandika wazi jinsi pawasaplai inavyopaswa kuvumilia miruko ya kadi. Weka mruko wa wati 300 mahali pa zile 170 katika hesabu yetu, na jumla inakuwa 400, yaani zaidi ya ampea 33, kwenye kifaa kilichoahidi 28 kilipokuwa kipya. Kinga ya ndani inakata, au volti inaporomoka na madabodi inajizima. Mtu aliyeketi mbele ya skrini anaona giza tu.

Hilo lilikuwa bado ni dhana, na dhana haina haki ya kumtoa mteja fedha. Jaribio nililolifanya ni rahisi na halihitaji kifaa chochote: nilipunguza kikomo cha umeme cha kadi kwa programu, kutoka wati 170 hadi 120, kisha nikamwambia dada arende ile ile sendofu ya Magu. Ilichukua muda mrefu kuliko ambavyo angependa, lakini ilifika mwisho, saa moja na dakika kumi na mbili bila kuzima. Tukarudisha 170, ikazimika dakika ya nne. Tukashusha tena, ikamaliza tena. Kadi mbovu haiponi kwa kupunguziwa umeme kisha ikaugua kwa saa ile ile inaporudishiwa, na kama ingekuwa memori au Windows zisingejali hata kidogo. Dada alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, si kwa sababu ya uchunguzi wangu, bali kwa sababu kazi ya mteja ilikuwa imetoka.

Ndipo nikapima. Ninasisitiza kwamba nilipima kwa mita kwenye plagi yenyewe na si kwa kusoma namba za programu, kwa maana programu husoma kihisio cha madabodi ambacho mara nyingi hudanganya kwa sehemu ya volti. Kompyuta ikiwa imetulia, laini ya 12 ilisoma 11.94 na laini ya 5 ilisoma 5.08. Kadi ikiwa na kikomo cha wati 120, laini ya 12 ilishuka hadi 11.61. Kwenye mzigo kamili ilisoma 11.37 sekunde chache kabla ya kuzima, na hapo laini ya 5 ilikuwa imepanda hadi 5.21. Kiwango kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, hivyo laini ya 12 haitakiwi kushuka chini ya 11.40. Ilikuwa imeshuka, na hiyo ni namba ambayo mita yangu iliiwahi; mita ya kawaida huonyesha wastani, kwa hiyo chini kabisa ya bonde palikuwa pabaya zaidi.

Fundi makini angetazama zaidi ile laini ya 5. Kwa nini ipande wakati mwenzake anazama? Jibu linaonyesha umri wa pawasaplai hii kuliko tarehe ya kiwandani. Kiwango cha ATX kilipoanza mwaka 1995, sehemu kubwa ya kompyuta ilikula kutoka volti 5 na 3.3, na pawasaplai zilijengwa kwa ajili hiyo. Mwaka 2000, prosesa za Pentium 4 zilipokuja na njaa yao, ikaongezwa plagi ya pini nne ya kupeleka volti 12 karibu na prosesa, na toleo la mwaka 2003 likaleta plagi kuu ya pini 24 tuliyo nayo hadi leo. Mzigo ulihamia volti 12, lakini pawasaplai nyingi za bei nafuu ziliendelea kutengenezwa kwa mtindo wa kale, ambamo laini ya 12 na ya 5 husimamiwa na saketi moja kwa pamoja. Saketi hiyo ikiona 12 imezama huongeza nguvu, na nguvu hiyo huinua laini zote mbili. Kwa kuwa hakuna anayeila 5, yenyewe hupanda, na kwa kuwa imepanda, saketi hukataa kuongeza zaidi, hivyo 12 hubaki chini. Ni kama fahali wawili chini ya nira moja, mmoja kabebeshwa mzigo wote na mwingine anatembea bure, na mkulima anawachapa kwa fimbo moja. Mashine ya stesheneri haikuwahi kuufichua udhaifu huu kwa sababu mzigo wake ulikuwa mdogo kote kote.

Siku tatu baadaye, pawasaplai ikiwa imekaa bila kuchomekwa na baada ya kuhakikisha kwa mita kwamba kapasita kubwa imekwisha umeme, niliifungua. Mtu asiyejua kazi hii asijaribu: kapasita hiyo hushika zaidi ya volti 300 na huweza kuzishika baada ya waya kuchomolewa ukutani. Ndani nilikuta nilichotarajia na kimoja nilichokisahau. Kapasita mbili za upande wa kutolea zilikuwa zimevimba vichwa, na moja ilikuwa imetoa ute wa kahawia chini yake. Nilichokisahau ni ziwa. Kila anayekaa ufukweni mwa Ziwa Victoria anawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka kutoka majini kama nguzo za moshi, wakija usiku hujaa kwenye taa na asubuhi hufagiliwa kwa ndoo. Feni ya pawasaplai iliyokaa miaka minane kwenye duka lenye taa usiku ilikuwa imewavuta, ikawashindilia na vumbi mpaka wakawa kitu kama sponji kati ya mapezi ya kupozea joto. Hewa ilikuwa haipiti. Feni yenyewe ilizunguka kwa uzito, na ukiisukuma kwa kidole haikuzidi mzunguko mmoja.

Joto hilo ndilo linalohesabu umri. Kapasita za aina hii huandikwa nyuzijoto 105 na idadi ya saa, na za bei nafuu mara nyingi ni saa 2,000 katika joto hilo. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzijoto 10 unazopungua, maisha huongezeka mara mbili: kwa nyuzijoto 65 unapata takriban saa 32,000, kwa nyuzijoto 75 unapata 16,000 tu. Duka la mama lilifunguliwa kama saa kumi kwa siku, siku mia tatu kwa mwaka. Kwa miaka minane hizo ni saa 24,000. Pawasaplai yenye upepo mzuri ingebaki na kitu. Hii, iliyofunikwa na wadudu, ilikuwa imekula sehemu yake na kukopa. Miaka ya stoo nayo haikuwa likizo, kwani kapasita za aina hii zikikaa muda mrefu bila umeme, utando wa ndani unaozuia mkondo hudhoofika. Kwa hiyo kuniambia kwamba "imekaa tu, haijatumika tangu 2018" hakuiongezei sifa mbele yangu.

Kulikuwa na kosa la pili, na kwa maoni yangu lilikuwa la hatari zaidi kuliko la kwanza, ingawa halikuwa limeanza kuonekana kwa mteja. Kadi ilihitaji plagi ya pini nane, ambayo kwa kiwango chake hupitisha hadi wati 150. Pawasaplai ya kale haikuwa nayo. Kijana alinunua adapta inayochukua plagi mbili za zamani za pini nne, zile zilizokuwa za diski, na kuzifanya pini nane. Adapta ina miguu miwili ili mzigo ugawanyike kwenye nyaya mbili. Yeye, kwa kuwa waya mmoja ulikuwa na plagi mbili zinazofuatana, alichomeka zote mbili kwenye waya huo huo. Mkondo wote ukapita kwenye uzi mmoja mwembamba uliotengenezwa kulisha diski. Plastiki ya plagi moja ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya chai. Nilimwonyesha, na kwa heshima yake niseme kwamba hakujitetea, aliipiga picha. Plagi ya prosesa, kwa upande mwingine, ilikuwa ya pini nne kwenye madabodi yenye nafasi ya nane, na watu wawili waliopita kabla yangu walidai hilo ndilo tatizo. Kwa prosesa ya kiasi hiki pini nne zinatosha, na sikulihesabu.

Dada aliuliza swali la haki: kama kapasita zimekufa, kwa nini nisibadilishe kapasita? Mafundi redio wa hapa mjini wangefanya kazi hiyo kwa fedha ndogo na wangeifanya vizuri. Nilikataa, na sababu zangu hazikuwa uvivu. Kapasita mpya zingerudisha pawasaplai katika hali ya mwaka 2010, na hali ya mwaka 2010 ilikuwa ampea 28, saketi moja ya kusimamia laini mbili, na waya usio na plagi ya kadi. Ningekuwa nimetengeneza kifaa kisichofaa kikawa kifaa kizima kisichofaa. Kuirudisha kwenye mashine ya kuchapa barua kungekuwa na maana. Kuirudisha humu ni kumhadaa mwenye mali.

Nisieleweke kwamba ninapinga kutumia tena pawasaplai ya zamani. Kompyuta ninayoandikia maneno haya inaendeshwa na pawasaplai niliyoinunua mwaka 2015, nayo imeshalisha madabodi tatu. Jedwali lake linaandika ampea 45 kwenye laini moja ya volti 12, yaani wati 540 kati ya 550 zake. Laini za 5 na 3.3 hutengenezwa ndani kutokana na ile ya 12 kwa saketi zake zenyewe, hivyo hazivutani. Ina plagi mbili za pini nane zilizotoka kiwandani. Na imeishi kwenye chumba ambacho ninafagia. Tarehe yake ingemtisha mtu anayehesabu miaka tu, na namba yake kubwa ni ile ile 550 ya pawasaplai ya Igoma. Vilevile alama ya 80 Plus, iliyoanza mwaka 2004 na ambayo wauzaji huipigia debe, hupima ni sehemu gani ya umeme haipotei kuwa joto. Haikwambii kama kifaa kitavumilia mruko wa kadi, ingawa nakiri kwamba anayetengeneza kifaa chenye ufanisi mkubwa mara nyingi habani gharama kwenye vipuri vingine.

Kijana alikuwa pia na pawasaplai ya kompyuta ya ofisini iliyokuja kama mtumba, ndogo na nzito, akauliza kama hiyo ingefaa badala yake. Nilimwambia ahesabu pini. Kompyuta nyingi za ofisi za makampuni makubwa hazifuati plagi za kawaida. Nyingine hutoa volti 12 tu na kuiachia madabodi kazi ya kutengeneza 5 na 3.3, na plagi yake kuu huwa na pini sita, nane au kumi badala ya 24. Adapta zipo sokoni, ila hazibadilishi ukweli kwamba nyingi ya pawasaplai hizo ni za wati mia mbili na kitu.

Tulinunua pawasaplai mpya ya wati 650, na bei yake haikufika sehemu ya nane ya fedha zilizotumika kwenye mashine yote. Wakati wa kuifunga kijana akataka kuepuka kazi ya kupitisha nyaya upya: pawasaplai mpya ni ya nyaya zinazochomoka, na yeye alikuwa na nyaya za diski alizopewa na rafiki, kutoka pawasaplai ya chapa nyingine, ambazo kichwa chake kiliingia kwenye tundu bila shida. Nilimshika mkono. Upande wa madabodi na diski plagi hufuata kiwango, lakini upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini apendavyo, na wakati mwingine chapa moja hubadilisha mpangilio kati ya toleo na toleo. Plagi inaingia vizuri, na volti 12 inakwenda mahali pa volti 5. Diski yenye harusi ishirini huungua kabla hujasikia harufu.

Baada ya kufunga nilipima pale pale nilipopima mwanzo. Imetulia: 12.05 na 5.02. Mzigo kamili, kadi wati 170, prosesa yote ikifanya kazi: 11.98 na 5.01. Tulirenda sendofu ileile kwa nusu saa na dakika chache. Jirani akachomelea, taa zikafifia, kompyuta haikujali.

Lakini jioni hiyo hiyo umeme ulikatika kweli, yupiesi, ile betri ya akiba ya kompyuta, ikalia mara moja na kila kitu kikazimika. Dada alinitazama kana kwamba nimemuuzia ugonjwa mpya. Yupiesi ilikuwa ya VA 650, ile ile ya duka la mama, na nyuma yake imeandikwa kwamba wati zake ni 360. Kompyuta ikirenda sasa huchukua ukutani karibu kiasi hicho, na skrini juu yake; isitoshe pawasaplai za kisasa husahihisha jinsi zinavyovuta umeme na nyingine hazielewani na yupiesi za bei nafuu, ambazo umeme wake hupanda na kushuka kwa ngazi badala ya kwa ulaini, hasa zinapofikishwa kikomo. Kwa mashine ya kuchapa barua yupiesi hiyo ilitosha kwa miaka. Tulikubaliana kwamba hadi atakapopata kubwa zaidi, hatarenda mtaa ukiwa na mgawo, na programu yake ihifadhi kazi kila dakika tano.

Diski na kadi nilizipa wiki mbili kisha nikarudi kuzikagua, kwa kuwa zilikuwa zimeishi karibu mwezi mmoja kwenye volti mbaya. Diski haikuwa na kosa jipya hata moja. Pawasaplai ya Igoma mama yao aliiulizia, akitaka irudi dukani "ikakae kama spea". Nikazikata nyaya zake za kutolea umeme ili isije ikatumiwa na mtu mwingine, nikamwachia skrubu na ule wavu wa chuma wa feni. Juu ya ile mpya nimeandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe ya kufungwa, na kijana ameongeza chini yake, kwa mwandiko wake mdogo, "safisha wadudu kila miezi mitatu".